Juzuu Sita za Kaka

Mama alifariki Tanga katika kumi la kwanza la Ramadhani, na sisi watoto wake wawili tulikuwa Minnesota, Marekani. Simu ilikuja tunafuturu. Kaka aliisikiliza amesimama, akasema "Ndiyo" mara nyingi, akaweka mkonga wa simu mahali pake, akaniambia. Mama alikuwa ameshazikwa alasiri ya siku hiyo. Kisha Kaka akakaa akamalizia uji wake. Na mimi nikamalizia wangu. Sikumbuki kuhisi kitu. Nakumbuka uji ulikuwa na pilipili manga nyingi, na kwamba theluji iliyosukumwa na greda ilikuwa imefika usawa wa dirisha.

Kusafiri haikuwezekana. Karatasi za Kaka zilikuwa ofisini zikisubiri muhuri, na angetoka nchini asingeruhusiwa kurudi. Mimi peke yangu nisingejua hata kubadili ndege.

Nyumbani kwetu msiba ni watu. Unaamka unakuta wanawake wasiokuhusu wanakoka moto uani, mikeka imejaa, kila anayeingia anakupa mkono, na hata kama hujui kulia unafundishwa na wengine. Sisi tulikuwa na nyumba ya vyumba viwili huko Plymouth. Jumapili moja walikuja watu wanane, wakafuturu, wakatupa pole, wakaondoka mapema kabla barabara haijaganda. Jumatatu nilirudi kufua mashuka kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na Kaka akarudi kwenye barafu yake.

Kaka alikuja Marekani kusomea ufundi wa majokofu, na kazi aliyoipata ilikuwa kwenye ukumbi wa timu kubwa ya hoki ya barafuni. Ndiye aliyeangalia mitambo ya kugandisha uwanja, na siku za mechi ndiye aliyeendesha lile gari zito linalokwangua barafu na kuimwagia maji ya moto ili igande upya, laini kama kioo. Wachezaji wakienda kupumzika, yeye anaingia. Mara moja alinipeleka. Watu maelfu walikuwa wanamtazama ndugu yangu akizunguka polepole, na nikaona haya kwa niaba yake.

Wiki moja hivi baada ya simu ya Tanga, tajiri wa timu alitangaza kwamba anaihamishia Texas. Mji mzima ulipatwa na simanzi. Kwenye basi watu wazima walikuwa wakizungumza na watu wasiowajua, jambo ambalo sikuwahi kuliona kule. Msimamizi wangu wa chumba cha kufulia alitundika fulana ya kijani ya timu ukutani, juu ya mashine za kukaushia, kama picha ya marehemu. Kwenye televisheni walionyesha wanaume wanalia. Mimi niliwatazama kama mtu anayetazama samaki kwenye chupa.

Ikafuata Idi, ikapita. Kisha shangazi yetu akapiga simu kutoka Tanga: arobaini ya Mama ni Jumanne, wao wanasoma hitma huko, na sisi tusome huku siku hiyohiyo, tusiisogeze kungoja Jumamosi.

"Jumanne ndiyo mechi ya mwisho ya hapa nyumbani," Kaka akasema.

"Muombe mkubwa wako ruhusa."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie umefiwa na mama."

Alikuwa anafungua kamba za viatu. Alizifungua zote mbili ndipo akanijibu. "Sijamwambia mtu kazini."

Nilitaka kumuuliza kwa nini. Lakini mimi ni mtu wa kutaka kuuliza, siyo wa kuuliza.

"Nigawie juzuu zangu, nitaenda nazo," akasema. "Wachezaji wakiwa uwanjani mimi nakaa bure kwenye karakana. Nitasoma huko."

Hitma ni kusoma msahafu wote, juzuu thelathini, na dua ya kumuombea marehemu haisomwi mpaka juzuu ya mwisho ifungwe. Kwetu wanakaa wasomaji thelathini, kila mmoja anachukua kijitabu chake kwenye kasha, na chai haijachemka wameshamaliza. Sisi tulijipata watano: Kaka, mimi, wanafunzi wawili wa chuo kikuu, na mama mmoja wa Mombasa aliyefanya kazi hospitali ya Coon Rapids. Juzuu sita kwa kila mtu. Nilikaa na karatasi usiku wa kuamkia siku hiyo, nikaandika nani asome ipi. Kaka nikampa kuanzia ya kumi na tisa mpaka ya ishirini na nne. Asubuhi akazifunga kwenye taulo safi, akaziweka juu ya mfuko wa chakula, akaondoka.

Wageni walifika alasiri. Mama wa Mombasa aliingia na sufuria ya pilau, akatazama sebuleni.

"Nduguyo yuwapi?"

"Kazini."

"Kazini leo?"

"Ni mechi ya mwisho ya timu yao."

"Timu gani hiyo yashinda mama?"

Nikamwambia kwamba amechukua juzuu zake, atapiga simu akimaliza.

"Msahafu kwenye gereji," akasema. "Haya. Na atie udhu basi."

Mwanafunzi mmoja alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, mtani wetu, na mtani msibani ana kazi yake. Alikaa chini, akavuta kijitabu chake cha kwanza, akasema, "Hawa watu wa Tanga nawashangaa. Mama yao kawaleta kwenye friji wasioze, na mmoja anaomba kazi ya kuiongeza baridi."

Mama wa Mombasa aliuficha uso kwa mtandio, mabega yanatikisika. Mwanafunzi wa pili alimwambia asome. Mimi nilijua kwamba hapo ndipo mfiwa anapotakiwa kucheka, au kumrushia mtani kitu. Nilifungua juzuu yangu nikaanza. Nilisoma polepole kuliko wote, kidole chini ya mstari, kama mtoto wa chuo cha Kurani.

Magharibi ilipoingia wote tulikuwa tumemaliza. Tukaswali, tukakaa. Pilau ikapoa. Mwanafunzi wa Tabora alikuwa na mtihani kesho yake, Mama wa Mombasa alitakiwa aendeshe gari kurudi mbali. Hakuna aliyesema tuanze dua. Wote tulikuwa tunaitazama simu ukutani.

Ilipolia nilikwenda mimi. Nyuma ya sauti ya Kaka kulikuwa na ngurumo. Ukumbi mzima ulikuwa unaimba kwa pamoja, unamzomea tajiri wa timu.

"Nimemaliza," akasema.

"Zote?"

"Someni dua."

Akakata. Nikageuka nikawaambia, "Amemaliza." Dua ikasomwa, nikaitikia amina kila palipotakiwa, tukala, wakaondoka. Kaka aliporudi nilikuwa nimeshalala.

Asubuhi nilimkuta mezani. Taulo lilikuwa limefunguliwa mbele yake, vijitabu vinne upande mmoja, viwili upande mwingine.

"Nilisoma nne," akasema.

Nilikaa.

"Ya ishirini na mbili ilipoisha nikafungua ya ishirini na tatu. Mzee wangu wa kazi akaingia." Huyo mzee ndiye aliyemfundisha kuigandisha ile barafu, alikuwa pale tangu ukumbi unajengwa. "Akaegemea gari, akalia. Mtu mzima yule. Halafu akanikumbatia, akaniambia pole. Wakaja wa tiketi, wakaja wa usafi, akaja mama wa bisi. Wanaingia karakana mmoja mmoja wananipa mkono. Na mimi kule ni mgeni, wanaona labda sijui kwamba na mimi ninastahili kupewa pole."

"Kwa ajili ya timu."

"Kwa ajili ya timu." Alivipanga vile vijitabu vinne kingo zilingane. "Tangu ile simu, nimepewa mikono minane. Jana sikuweza kuhesabu. Nikazipokea hizo pole. Sikumwambia mtu ninazipokelea nini."

"Kwa hiyo ulikwenda kwa ajili hiyo?"

"Nilikwenda kazini. Ila nilijua huku tutakaa watano tunatazamana. Kule kulikuwa na msiba."

Nilijua ninapaswa kukasirika. Dua ya Mama ilikuwa imesomwa juu ya hitma yenye matundu mawili, na aliyewaambia watu imekamilika ni mimi. Nilijitafuta nikaona hakuna hasira. Nilimuuliza tu mbona alisema amemaliza.

"Niliwafikiria mnaningoja na pilau."

Juzuu ya ishirini na tatu inaanzia katikati ya Yasini. Maana yake Kaka alikuwa amemsomea Mama Yasini nusu, akaiacha hapo, kwenye karakana, gari likinguruma. Nilimwonyesha. Alikuwa hajaliona hilo. Akainuka akaenda kutia udhu, na mimi nikaenda baada yake, na saa zetu za kazi zikapita huku tunaziangalia.

Alisoma ya ishirini na tatu, mimi ya ishirini na nne. Alimaliza kabla yangu, akakaa akanisubiri bila kunihimiza. Nilipofunga, akainua mikono. Hakukuwa na mwenye elimu pale, kwa hiyo dua akaisoma yeye, ile fupi anayoijua, na akamtaja Mama kwa jina lake na jina la baba yake. Sauti yake haikubadilika. Nikaitikia amina. Tulikuwa wawili.

Akavaa viatu akaenda. Timu ilikuwa na mechi zilizobaki miji ya mbali, lakini hapa ilikwisha, na ilibidi mtu aizime mitambo na kuyeyusha ile barafu. Alisema hiyo pia ni kazi.

Mimi nilifika kazini nimechelewa kwa saa mbili. Msimamizi wangu akaniuliza kulikoni. Kwa Kiingereza changu cha wakati ule nikamwambia mama yangu amefariki. Akaniuliza lini. Nikahesabu vizuri kabla ya kujibu, nikamwambia siku arobaini na moja zilizopita.

Alinitazama. Kisha akashika ncha mbili za shuka nililokuwa nakunja, tukalikunja, tukachukua jingine.