Kaisari Aliyemwingia Odhis

Hili lilinipata mimi mwenyewe, tena mchana kweupe. Wapo watakaosema nilikuwa nimelewa. Mimi sinywi, waulizeni wa kanisani kwetu. Na kama ni uongo, mbona shingo yangu imepinda hivi?

Kikundi chetu cha maigizo hapa Kisumu kilikuwa kikiandaa mchezo wa Kaisari wa Roma, dhalimu aliyechinjisha watu huku akila zabibu. Odhis, rafiki yangu wa Nyalenda, ndiye aliyepewa Kaisari. Mwongozaji akaweka sheria: mpaka siku ya onyesho, mtu asimwite Odhis kwa jina lake. Ni Kaisari tu, mazoezini, hotelini, hata kwao nyumbani. Eti ili mhusika amwingie. Jamani, si alimwingia!

Siku hiyo ukumbi ulijaa. Mimi nilikuwa mlinzi wake, niliyetakiwa kunyongwa, kwa kuigiza tu. Aliponishika nikanong'ona, "Odhis, pole pole bwana, unaniumiza." Akatabasamu, akakaza. Odhis ni mwembamba, lakini niamini, mikono ile iliniinua hadi miguu ikaning'inia. Nikasikia kitu kikikatika shingoni. Damu ikanijaa mdomoni, na watu wakapiga makofi. Makofi!

Aliyeng'amua ni mama yake, aliyekaa mbele. Alipanda jukwaani akilia, "Odhis wuoda, weye! Mwanangu, mwache!"

Yule akageuka. Sauti iliyomtoka ilikuwa ya mzee, na Kiswahili chake kilinyooka kuliko cha yeyote mle ndani. "Mama, huyo nilishamla. Mliniita mimi kila siku, nikaja."

Akaniangusha, akamshika mama mkono, akauvunja kama muwa. Hapo ndipo makofi yalipokoma. Wanaume walimrukia, wakampiga kwa viti mpaka akazimia.

Alipozinduka alikuwa Odhis, akilia, akiuliza nani amemuumiza mama yake. Alipoambiwa ni yeye, alikataa kabisa. Mama Odhis anampenda, anampikia, anamfulia kwa mkono mmoja. Lakini kila jioni anakwenda kulala kwa jirani. Odhis humbebea blanketi hadi mlangoni, kisha anarudi peke yake.

Wewe unayependa kuigiza, nakusihi: ukivaa ukatili wa mtu, pawe na mtu wa kukuita jina lako kila siku. Sisi hatukumwita Odhis, na sasa mama mzima anamwogopa mwanawe.