Kopa Mbili

Briji, mchezo huu wa karata, imenishinda, na nasema hivyo kwa hasira, maana si kwamba sina akili. Ni mdomo wangu huu.

Aliyeniingiza ni dada yangu mkubwa. Miaka nenda miaka rudi alicheza na mumewe, kila Jumamosi mchana, mtaa wa Kinindo, barazani kwa daktari mmoja mstaafu na mkewe. Shemeji akafariki. Eda ikaisha, lakini dada akabaki ndani kwake Nyakabiga, mapazia yamefungwa, sokoni haendi, harusini haendi. Kitu kimoja tu alikitaka, nacho ni ile meza. Na ile meza haipokei mtu peke yake, wanakaa wawili wawili. Basi akanigeukia mimi mdogo wake, wakala wa mizigo bandarini, mtu wa makelele.

"Utajifunza," akaniambia. "We si mujinga."

Kukumbuka karata zilizopita, niliweza. Kutoa turufu mapema, niliweza. Kilichonitoa jasho ni ule mnada wa mwanzo, kabla hata karata moja haijachezwa. Unataja turufu uitakayo na utakula mara ngapi, zile sita za kwanza hazihesabiwi, na kwa kutaja kwako ndivyo mwenzio anavyojua umeshika nini. Ukitaja kidogo, anajua huna nguvu. Tuzo kubwa ni ya aliyeahidi nyingi akazila kweli. Ukila nyingi bila kuahidi, umechoka bure, na ukiahidi usizile, unakatwa.

Sasa mimi, jamani, ugali wangu natafuta kwa kuficha! Mwenye boti la Kigoma akiniuliza nina mzigo kiasi gani, namwambia kidogo tu, bwana, kidogo. Akishataja bei yake ndipo naongeza, naongeza tena, mpaka boti linajaa. Bandarini hakuna anayefungua mdomo na ukweli wote. Wala hatuuiti uongo, tunauita kazi.

Jumamosi ya kwanza dada akafungua mnada na kopa moja, yaani mara saba. Mimi nimeshika kopa nne nzuri na wafalme wawili juu yake. Nikasema kopa mbili, taratibu, nikingoja yeye apande ndipo nami nipande. Dada akapita. Tukala mara kumi na moja, na tuzo hatuna!

"Ulikuwa na zote hizo?" akaniuliza tukiwa garini.

"Nilikuwa nangoja upande."

"Nipande na nini? Si umeniambia huna kitu! Unamuficha nani? Mi si mwenye boti, mi ni mwenzio!"

Wallahi nilimwelewa. Wiki ya pili nikarudia kosa lile lile. Ya tatu, vilevile. Nyumbani nilijifungia chumbani na karata, nikisema kwa sauti, kopa nne, kopa nne, mpaka mke wangu akaniuliza kama nina homa. Nikifika Kinindo, mbele za watu, mdomo unashuka wenyewe. Hata leo nikikumbuka naudhika.

Halafu mke wa daktari, huku akituwekea sambusa, akatuambia kuna wawili wapya wanataka kuingia na viti havitoshi. Watakaokuwa wa mwisho mwezi ukiisha watawapisha. Alisema kwa upole kabisa. Dada alishika mkoba wake kwa mikono miwili, sambusa hakugusa.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi tulifika mchezo wa mwisho bado tuko juu ya wa mwisho, kwa kidogo tu. Dada akafungua na kopa moja. Nikatazama karata zangu: kopa tatu ndogo, mfalme mmoja, malkia mmoja, zilizobaki takataka. Nikasema kopa mbili, na safari hii ndiyo nguvu niliyokuwa nayo, hakuna zaidi.

Dada akaniangalia muda mrefu. Nilijua anawaza nini. Nilitaka kupiga kelele, dada, amini, ndiyo hizo tu! Lakini kwenye briji hata kukunja uso ni marufuku.

"Kopa nne," akasema.

Mwenzi wa aliyeshinda mnada hulaza zake, ndiyo sheria; nikalaza karata zangu mezani, azione. Aliziona. Alicheza vizuri kuliko siku zote, tukala mara nane, zile zile za kopa mbili. Yeye aliahidi kumi. Tukawa wa mwisho.

Garini nilingoja anitukane.

"Nilidhani umeficha tena," akasema.

"Sikuficha, dada."

"Najua. Nimeona."

Yarabi, afadhali angenitukana.

Jumamosi iliyofuata, saa nane mchana, nilimpelekea ndagala, wale dagaa wa ziwani. Nilimkuta sebuleni, baibui limepigwa pasi, viatu miguuni, mkoba mapajani.

"Unatoka, dada?"

"Apana," akasema. "Niende wapi?"