Kwa Paskali, aliyetufikishia picha za Mang'ola

Kwa heshima na taadhima nawatangazia wafuasi wangu wote kwamba printa ya kituo chetu cha afya hapa Karatu imemeza karatasi tena, na safari hii hakuna wa kuitwa.

Siamini bado. Paskali, fundi wetu wa kompyuta, tumemzika jana. Neno "tumemzika" nimelifuta mara tatu kabla ya kuliacha hapo.

Mliomjua kwa printa hamkumjua. Huyu ndiye aliyefanya picha za ultrasound za zahanati ya Mang'ola zimfikie daktari wetu, kwa mtandao unaokatika kila mbuzi akikohoa.

Programu aliiandika mwenyewe. Hakusomea popote. Alijifunza kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, na mimi mtunza stoo nikajifunza kwa kumchungulia begani.

Laptop moja Mang'ola, nyingine stoo kwangu. Ya stoo inafungua soketi, yaani mlango wake wa mtandao, inakaa inasikiliza. Ya Mang'ola inabisha: HODI. Yangu inajibu: KARIBU. Aliandika hivyo hivyo! "Kwani mashine za Karatu zimelazimishwa Kiingereza?"

Siku ya kwanza faili lilifika na jina lenye urefu wa ukurasa mzima. Jina na picha vilikuja vimeshikana. Nilicheka mpaka nikakaa chini. "Cheka tu, mzee wa stoo. Wewe ukishushiwa magunia huambiwi kwanza ni mangapi?" Akarekebisha: kwanza urefu wa jina, halafu jina, halafu ukubwa wa picha, ndipo picha yenyewe.

Ilikwenda vipande vipande, na kila kipande lazima kijibiwe NIMEPATA. Mtandao ukikatika, ukirudi mashine zinaulizana ziliishia wapi, zinaendelea. Oh my God, raha ya kuona picha iliyoanza asubuhi inamalizika saa saba mchana bila kurudia hata kipande!

Sasa hasira. Niacheni niwe nayo.

Mkubwa wetu alileta consultant. Saa moja stoo, siku mbili Ngorongoro kuangalia faru. Report ikasema programu ya Paskali siyo professional. Kweli haikuwa na nywila, mwenyewe alikubali, akaomba wiki mbili aiweke. Hakupewa hata siku mbili.

Tukafungiwa mfumo mpya wenye rangi nzuri. Mtandao ukikatika kwenye asilimia tisini, unaanza upya kutoka sifuri, bila aibu.

Kwenye kikao Paskali alisema, "Mkuu, naomba yangu ibaki iwe backup."

"Kijana, hebu tuwe serious."

Basi picha zikaanza kusafiri kwa flashi, mfukoni mwa Paskali, kwa pikipiki.

Alhamisi nesi wa Mang'ola alipiga simu: mama mjamzito, mtoto anaonekana amekaa vibaya, daktari aione picha haraka, na mfumo umegoma. Paskali akachukua koti.

"Subiri gari," nikamwambia.

"Gari liko service, kaka. Mama hayuko service."

Alifika, akapewa picha, akageuza. Akiwa njiani kurudi, kwenye kona, akakutana na lori la vitunguu.

Jana makaburini mkubwa alituambia marehemu "alipenda sana kujitolea." Alipenda? Mlizima programu yake mkampa barabara! Liandikeni hilo kwenye report. Na kama post hii itanifukuzisha kazi, funguo za stoo ziko mezani.

Daktari alinishika mkono pale akaniambia nipunguze sauti. Nilipunguza. Hapa sipunguzi.

Lala salama, Paskali. Sikukuaga vizuri siku ile, nilikuwa nahesabu glovu.

Yule mama alijifungua salama pale pale zahanati, nusu saa baada ya wewe kuondoka na picha.