Kasimiri, Chambo cha Mbung'o

Kasimiri Lugembe wa Kigwa alikuwa na ng'ombe mmoja tu, fahali mweusi. Huyo ndiye aliyebaki kupelekwa kwa Mzee Bernardo, baba yake Bertila, ili mahari itimie na padri afungishe ndoa. Mwaka ule wa 1938 hakuwa na kingine cha kupoteza.

Kazi yake ilikuwa kukamata mbung'o. Yeye na mwenzake walitembea porini kando ya njia ya zamani ya wapagazi, wamebeba kitambaa cheusi kilichotundikwa kwenye mti mrefu. Mbung'o walikifuata kitambaa, na wakamataji wakawanasa kwa nyavu ndogo. Mzungu wa kazi hiyo, ambaye watu walimwita Bwana Mbung'o, alitaka kujua wadudu wale hunywa damu zaidi saa ngapi, mchana na usiku. Akaagiza ng'ombe afungwe porini kutwa kucha. Nyapara wake, Silasi, akaenda moja kwa moja kwenye zizi la Kasimiri.

"Huyu atafaa," alisema. "Mbung'o wanapenda weusi."

"Huyo ni wa mahari. Wakimnywa atakonda, atakufa. Nifungeni mimi."

"Wewe? Una mkia wa kujipungia?"

Watu walicheka. Bwana Mbung'o hakucheka, alisema wamjaribu. Ndivyo walivyompima mtu hao waliodai kuja kutustaarabisha: ng'ombe aliyepungukiwa mkia.

Alfajiri walimvua shati, wakamkalisha kwenye gogo. Sharti lilikuwa moja: asimpige mbung'o mpaka ashibe na kukamatwa. Saa moja walikuja wachache. Saa tatu mgongo ulijaa, na kila mdomo uliingia kama sindano ya moto. Kasimiri alipomponda mmoja shingoni, Silasi alimchapa fimbo pale pale palipoumwa. "Ng'ombe hana mikono," alisema, akaandika hesabu ya waliokamatwa. Adhuhuri, jua lilipowaka, wadudu wakajificha. Saa kumi wakarudi na njaa yao yote, na fimbo ikarudi nao. Hadi jua linazama, mgongo wa Kasimiri ulikuwa umevimba, damu na jasho vikitiririka hadi kiunoni.

Giza liliwalaza mbung'o, lakini Kasimiri hakulala. Walimfungia katika kibanda kibovu, mahali walipolala wapagazi tangu enzi za misafara. Huko papasi walitoka kwenye vumbi la sakafu kimya kimya, wakamnywa mpaka majogoo. Mchana una wake, usiku una wake. Mwili ni ule ule.

Asubuhi alipofunguliwa mlango, akatoka akiyumba, alimwona fahali wake amefungwa mtini. Tumbo na macho vilikuwa vimefunikwa na mbung'o.

"Mlisema mtanichukua mimi," alisema.

"Hesabu yako ilikuwa ndogo," Silasi akajibu. "Ngozi yako haina utamu."

Kasimiri aliunyakua mti wa kitambaa cheusi, akampiga nao mdomoni. Meno yakamwagika. Silasi alipojaribu kuinuka, pigo la pili likavunja mkono wake. Mkamataji mmoja alimrukia. Akatupwa kwenye miiba. Kasimiri akakata kamba, akamswaga fahali mbio mpaka uani kwa Mzee Bernardo.

"Shikamoo, baba. Huyu ndiye wa mwisho. Sikufichi, ameumwa na mbung'o. Hatafika masika."

"Marahaba." Mzee alimtazama fahali, kisha mgongo wa kijana. Alijua kwamba ng'ombe wa mahari akifia zizini kabla ya harusi, ndugu zake watasema hakuna kilicholetwa. Lakini akichinjwa na kuliwa mbele ya mashahidi, hakuna awezaye kumdai tena mkwe.

"Leteni kisu," alisema. "Waiteni ndugu zangu wote, na yule mbishi Anton awe wa kwanza. Tumle sisi kabla mbung'o hawajammaliza."

Askari walifika nyama ya kwanza ikiwa bado mdomoni mwa Anton. Walimwangusha Kasimiri kwa kitako cha bunduki, wakampiga mateke mbavuni, wakamfunga mikono. Viboko kumi na viwili na miezi sita ya gereza vilimngoja Tabora.

Bertila aliwafuata mpaka barabarani, mikono yake bado ina mafuta.

"Mpigeni mkijua mnampiga mume wa mtu," aliwaambia. "Ng'ombe ameshaliwa."