Siti Niliyoikata Kabla ya Wakati

Gereji yangu ya Nateete imebanwa katikati ya maduka mawili ya vipuri, kwa hiyo kila siku lazima nimweleze mtu kwamba mimi siuzi kitu. Kazi yangu ni kukata siti za valvu. Nimeifanya miaka mingi, na kwa miaka hiyo yote nimejisifu kwamba mjini humu hakuna wa kunifikia. Kiburi si maungwana. Nililelewa nikiambiwa hivyo kila uchao, na sikusikia.

Siti ni ukingo wa chuma ndani ya kichwa cha injini, mahali valvu inapokaa ikijifunga. Ukingo huo ukichakaa, moto hupenya pembeni na nguvu ya injini hupotea. Fundi huuchonga upya kwa kisu cha duara, kwa mkono, kidogo kidogo, mpaka valvu iguse pande zote. Kisu chenyewe huongozwa na fimbo nyembamba inayoingia katika kibomba cha shaba, kile kile ambamo shina la valvu hupanda na kushuka. Ndiyo maana kibomba kikilegea, unabadilisha kibomba kwanza, halafu unakata siti. Hata aliyeanza kazi juzi anajua utaratibu huo.

Mimi niliugeuza, tena kwenye pikipiki ya baba yangu.

Baba alikuwa sajini wa polisi, mwendesha pikipiki. Tulikulia kambini Nsambya, na ndiyo sababu mpaka leo nyumbani kwetu Kibuli tunasema Kiswahili wakati majirani wanasema Kiganda. Alipostaafu aliondoka na mashine moja kuukuu ya Kiingereza, ya silinda moja, ambayo jeshi la polisi lilikuwa halina haja nayo tena. Kila Jumamosi alikwenda nayo Nsambya kunywa chai na wastaafu wenzake. Wengi wao hufika na mikongojo, na mmoja huletwa na mjukuu wake akiwa amemshika mkono. Baba alifika kwa pikipiki, akaiweka kofia yake ya chuma juu ya meza, na haikuondoka hapo mpaka chai imalizike, ili mtu asije akasahau.

Kwa miaka yote hiyo hakuniruhusu niiguse. Nilikataa kujiunga na polisi nilipokuwa kijana, na kwa hesabu zake mtu aliyekataa amri hawezi kufunga nati ikakaza. Alimpelekea fundi mmoja mzee, na fundi huyo alipofariki, baba akiwa na miaka themanini na mmoja, hakuwa na pengine pa kwenda. Akaileta kwangu. Aliomba kiti, akaketi mlangoni kunitazama.

Kibomba cha valvu ya moshi kilikuwa kimelegea sana. Nilikuwa nimeagiza kipya kwa jamaa mmoja mwenye leithi, ile mashine ya kuchongea vyuma, naye kila nikimpigia alisema yuko njiani. Baba alitazama saa yake. Akatazama tena. Halafu akauliza kwa upole kabisa kama kazi zangu zote huwa zinangoja watu wengine. Ningeweza kucheka tu yakaisha. Badala yake niliinua kisu nikaikata siti ile juu ya kibomba kibovu, na ikatoka inang'aa. Baba aliinama akaitazama, akasema, "Kale," yaani haya, "kazi unajua." Nilikuwa nimelingoja neno hilo zaidi ya miaka thelathini.

Kibomba kipya kilifika saa nzima baadaye. Nikakipigilia, nikapaka rangi ya buluu kwenye valvu, nikaizungusha kwenye siti. Rangi ilishika upande mmoja tu. Kibomba kipya kilikuwa kimekaa wima, na siti yangu ilikuwa imefuata ulegevu wa kile cha zamani. Ilitakiwa kukatwa tena, lakini yule fundi marehemu alikuwa ameshaikata mara nyingi, na chuma kilichobaki kilikuwa kidogo. Ningeikata tena, valvu ingezama. Dawa ilikuwa kutoboa na kuingiza pete mpya ya chuma, kazi ya siku kadhaa, na kabla ya hapo kumwambia baba kwamba nimeharibu. Sikumwambia. Nilichukua pesti ya kusagia nikasugua na kusugua, mpaka alama ikazunguka karibu pande zote.

Baba alikuwa na jaribio lake alilolitoa gereji ya polisi. Unafunga valvu na springi zake, unamimina mafuta ya taa kwenye tundu la moshi, halafu unakwenda kuswali. Ukirudi ukakuta pakavu chini ya valvu, kazi ni nzuri. Alimimina mwenyewe, akaondoka kwenda msikitini kwa adhuhuri. Mimi nilisema nitaswali baadaye, mikono yangu ina grisi.

Nilibaki nimeketi mbele ya kile kichwa cha injini. Kwa muda mrefu hapakutoka kitu, nikaanza kujipa moyo. Halafu tone moja likachungulia ukingoni mwa valvu. Nikalipangusa kwa tambara. La pili lilipojikusanya nilikuwa tayari nasikia viatu vya baba uani, nikalipangusa nalo. Akaingia, akainama, akapitisha kidole chake chini ya valvu, akakitazama. Kilikuwa kikavu. Akaniwekea mkono begani, na mimi nikauacha ukae pale.

Sasa, valvu inayovuja kidogo ina tabia moja. Ukipiga kiki kwa nguvu na kwa kasi, hewa haipati nafasi ya kutoroka, injini inawaka. Ukipiga polepole, hewa imeshatoka kabla moto haujapigwa. Nilipoifunga mashine nilipiga kiki moja, ikawaka. Jirani yangu wa boda boda akajaribu kwa mzaha, ikawaka. Baba akapiga mara kumi na mbili, na haikukohoa hata mara moja. Nilijua sababu. Yeye hakuwa na jinsi ya kuijua, kwa kuwa ile siti alikuwa ameigusa kwa kidole chake akaikuta kavu. Alishuka, akafuta jasho, akasema mguu umechoka, atajaribu nyumbani.

Nyumbani alijaribu wiki nzima. Jumamosi hakwenda Nsambya, na iliyofuata pia hakwenda. Dada yangu mkubwa, anayeishi naye, alimnunulia mkongojo. Alinipigia simu akiwa na furaha ya mtu aliyetua mzigo, akasema Mungu amemshusha Mzee kwenye lile chuma bila ugomvi wowote, na mimi nisithubutu kuligusa. Barabara zimejaa vichaa, alisema, na sikuweza kubisha. Maneno yake niliyanywa kama chai ya sukari. Nilijiambia kwamba uongo wangu pengine umemwokoa baba, na nikaishi na wazo hilo karibu mwezi, nikikata siti za watu na kupokea sifa.

Ijumaa moja nilipita Kibuli nikamkuta anaswali sebuleni, ameketi kwenye kiti. Baba yangu, ambaye alikuwa akipanda kilima kwenda msikitini kwa miguu yake na kutukemea sisi tunaopanda boda. Dada alisema walimpeleka hospitali, madaktari wakamkagua miguu yote miwili, hawakuona ugonjwa. Lakini yeye ameshaamua kwamba mguu umekwisha. Alipomaliza kuswali aliniomba nimfunge kamba za viatu. Hakuwahi kuniomba hivyo. Nilipiga magoti nikafunga cha kulia, na cha kushoto kikanishinda. Nikamwambia pale pale sakafuni, bila kumtazama: kibomba, siti, matone mawili, tambara.

Aliunyoosha mguu wake mmoja, akautazama.

"Kwa hivyo hii mguu yangu iko sawa?" akauliza.

"Iko sawa, Mzee. Ni mashine ilikuwa inavuja."

"Na wewe ulijua. Kutoka siku ya kwanza ulijua."

"Nilijua."

"Ungeniambia umeharibu mashini, ningekasirika siku mbili, inaisha. Wewe ukanyamaza, ukaniacha mimi najizika."

Hakupaza sauti. Aliinama, akafunga kiatu cha kushoto mwenyewe, akachukua muda mrefu kukifunga. Mimi nililia, na sioni haya kulisema. Dada alikuwa mlangoni na kikombe mkononi, na hakujua amkasirikie nani, mimi kwa kudanganya au mimi kwa kusema.

Nilikitoa kichwa cha injini tena. Nikampelekea mwenye leithi, akatoboa, tukaingiza pete mpya. Kibomba kilikuwa mahali pake, kimekaza, na safari hii nilikata siti kwa utaratibu. Rangi ya buluu ilizunguka yote. Baba alipiga kiki mara tatu, ya tatu ikawaka. Akaizima. Akaiwasha tena, akaizima tena, mpaka dada akatoka nje kuuliza kama kuna mahali anakwenda. Hapakuwa na mahali alipokuwa anakwenda siku ile.

Jumamosi alikwenda Nsambya. Bado anakwenda, na dada bado hasemi nami vizuri. Asubuhi za baridi mashine hukataa kidogo, kama mashine yoyote ya umri wake, na hapo hajiulizi tena habari za mguu. Ananipigia simu.

"Leo umenificha nini?"

"Sijaficha kitu, Mzee. Toa plagi uifute."

Halafu sisikii kitu kwenye simu, ila pumzi zake. Hukaa hivyo kidogo kabla ya kuniamini.