Isale kwa Mzee Aminieli

Elisifa ana kibanda cha kuchapa na kutoa kopi Kiboriloni. Wazee wanaoteremka sokoni kutoka Mwika humpenda kwa sababu kwake hawaoni haya. Wakichoka kusahau nywila zao, husema, "Mwanangu, iache humo humo kwenye kompyuta, ikumbuke yenyewe." Naye huiacha. Aliuita huo wema. Mimi nauita uzembe, ingawa namfahamu na si mtu mbaya.

Desemba, watu waliporudi nyumbani, kadi za harusi na kipaimara zilimlemea. Programu ya kupanga kadi huuzwa. Yeye akaipata ya wizi mtandaoni, bure. Maelezo yalimtaka azime kwanza kinga ya virusi. Akazima, akabofya. Hakikufunguka kitu. Akadhani faili ni bovu, akaendelea na kazi.

"Hicho kirusi hakikai kungoja," Bhavesh, fundi wake wa mjini, alimwambia baadaye alipolikagua lile faili. "Kinazoa nywila zote zilizohifadhiwa na akaunti ulizoacha wazi, kinamtumia aliyekituma, kinajifuta. Dada, ulifunga mbwa halafu ukamkaribisha mwizi!"

"Lakini nimebadilisha nywila yangu."

"Yako. Na za wazee?"

Ilikuwamo ya Mzee Aminieli, anayepokea watalii shambani kwake kuona kahawa. Mwizi aliingia kwenye barua pepe yake, akawaandikia wageni wake kwa jina lake, akawadai malipo ya awali, kisha akamfungia mzee nje. Sasa anaitwa tapeli na watu waliokula mezani kwake. Hana mali nyingi. Jina ndilo alilokuwa nalo.

Jumamosi Elisifa akapanda Mwika, amechoka, na jani la isale mkononi. Kwetu, aombwaye msamaha kwa isale hakatai.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Isale tena? Umeua ng'ombe wa nani?"

Akaeleza yote bila kujitetea. Hilo namhesabia. Mzee akalipokea jani, akaligeuzageuza.

"Nimekusamehe. Ningefanyaje? Lakini wale wageni isale hawaijui."

Elisifa akaketi kwenye kigoda, akatoa simu.

"Wale ambao una namba zao, baba, nitajie. Nitawaandikia mimi, kwa jina langu, kwamba mlango niliuacha wazi mimi."

Mzee akaenda ndani kutafuta miwani.