Nilivyodanganya humu kuwa nimemaliza kitabu, na kilichonikuta Busisi

Wakuu, heshima kwenu popote mlipo.

Leo sina chai ya kutunga. Ninayoandika yamenikuta mwenyewe, na shahidi wake yumo humu humu jukwaani, kwa hiyo hata nikitaka kuongeza chumvi siwezi.

Mnaukumbuka ule uzi wa "Unasoma kitabu gani sasa hivi?" Ule ambao kila mtu ni msomi. Mtu jana kauliza namna ya kufungua simu iliyojifunga, leo anasoma vitabu vinne kwa mwezi. Mwingine kapiga picha kitabu pembeni ya kikombe cha kahawa, na ile plastiki ya dukani bado haijatolewa.

Nawacheka, lakini kinara wenu nilikuwa mimi.

Nina mchumba, nimuite Neema. Kwao ni Busisi, ng'ambo ya lile daraja refu la ziwani. Mimi naishi Nyegezi na nauza vifaa vya umeme mjini. Baba yake ni mwalimu mstaafu, na Neema alinionya mapema: "Baba hakuulizi kazi wala kabila. Anakuuliza unasoma kitabu gani. Ukisema husomi anakuwekea chai, na maongezi yanaishia hapo."

Basi akanichukulia riwaya moja ya zamani kutoka kabatini kwa mzee, kimya kimya, niisome kabla ya siku ya kupeleka barua ya posa. Mzee alikuwa ameifunika kwa karatasi ya mfuko wa saruji, kama tulivyofunika madaftari shule ya msingi. Juu ameandika jina kwa kalamu ya bluu, mwandiko wa ubaoni.

Jina la kitabu silitaji. Nikilitaja tu, kumi kati yenu mtasema mmeshakisoma.

Nilikaa nacho wiki tatu. Nikasoma kurasa nne. Na si kwamba nilikuwa bize. Kila nikikifungua nashika simu "mara moja," naishia kuangalia video za watu wanaosukuma malori kwenye tope.

Lakini picha nilipiga. Jumapili moja nipo ufukweni na sato wangu wa kukaanga, nikaweka kitabu pembeni ya sahani, ziwa nyuma, nikapost kwenye ule uzi:

"Nimekimaliza leo. Mwisho wake umenifanya nikae kimya nusu saa."

Likes zikamiminika. Mmoja akaandika "mkuu una ladha." Nikajiona profesa.

Sasa kuna ID moja humu wote mnaijua, Chaki Nyeupe. Yule anayepita chini ya kila picha ya kitabu na kuuliza "Upo ukurasa wa ngapi?" Kero tupu. Kwangu aliuliza tofauti: "Kijana, mwisho wake ukoje? Nina hamu sana ya kuujua."

Nikamjibu, na hili naliandika kwa aibu: "Soma mwenyewe mzee, acha kutaka kutafuniwa."

Hiyo nayo ikapata likes kumi na mbili. Nyie mlionipa, dhambi hii tunagawana.

Siku ya barua ikafika. Kwa kawaida muoaji haendi, anakwenda mshenga, lakini mzee alisema anataka kuniona kwa macho. Mshenga wangu ni baba mdogo, mfugaji wa Magu. Anajua ng'ombe kuliko herufi na hajawahi kujifanya vinginevyo, tofauti na sisi.

Mpango wangu ulikuwa nisome njiani. Enzi za kivuko ungemaliza sura tatu kwenye foleni. Siku hizi unaingia darajani, ukiinua macho umeshavuka. Nikafanya ujanja wa mwisho, nikabandua ile karatasi ya saruji upande mmoja, nikasoma maelezo ya jalada la nyuma. Kuna binti, kuna kaka yake aliyeenda mgodini, kuna shamba la pamba. Nikaona nimeiva.

Tukapokelewa vizuri. Barua ikawekwa kwenye sinia. Mzee ni mwembamba, miwani imefungwa uzi, sauti ndogo. Akaniuliza ninachosoma. Nikataja jina la kitabu.

Akaweka kikombe chini. "Mwisho wake ukoje?"

Wakuu, nilitiririka. Nikasema kaka anarudi kutoka mgodini siku ya harusi ya dada yake, pamba imekubali, watu wanalia kwa furaha.

"Kaka anarudi," mzee akasema.

"Anarudi, mzee."

"Akiwa mzima?"

"Mzima kabisa. Kanenepa kidogo."

Neema alifumba macho. Mimi nikadhani kaguswa.

"Na mama yao alisemaje?"

"Alipiga vigelegele."

Mzee akatoa simu mfukoni, akarekebisha miwani, akasoma taratibu kama anaita mahudhurio: "Soma mwenyewe mzee, acha kutaka kutafuniwa."

Chaki Nyeupe alikuwa amekaa mbele yangu na kobazi.

"Nimesoma mwenyewe," akasema. "Huyo kaka anakufa ukurasa wa thelathini na moja. Mama alikufa kabla hadithi haijaanza. Leta kitabu, fungua mwisho."

Nilikuwa nacho kwenye begi. Nikafungua. Ukurasa wa mia moja sabini na sita unaishia katikati ya sentensi, binti yuko mlangoni, halafu hakuna kitu. Kurasa zilizobaki zimenyofolewa zote. Kumbe mwalimu mwenzake alikiazima zamani, akakirudisha hivyo na hakusema neno.

"Miaka kumi na tisa natafuta mwisho huu," mzee akasema. "Nilipoona picha yako nilijua kitabu ni changu na aliyenacho ni nani. Nikajiambia, labda kijana kapata kizima mahali akamalizia. Nilifurahi siku mbili."

Kama angenitukana ingekuwa afadhali. Hizo siku mbili zinaniuma mpaka leo.

Akamgeukia baba mdogo kwa heshima zote. "Barua tumeipokea. Tutaijibu kijana akimaliza kusoma."

"Mbona chuo alimaliza zamani?" baba mdogo akauliza.

Tukaondoka. Juu ya daraja baba mdogo akaniuliza: "Huyo kaka, kilichomuua ni nini?"

"Sijui, baba."

"Basi soma, uniambie na mimi."

Nilisoma siku tisa. Simu niliifungia kwenye droo dukani, wateja wakawa wananilalamikia. Ukurasa wa thelathini na moja nilikaa kimya kweli, kimya kisicho cha kupost. Halafu nikakumbuka "kanenepa kidogo," nikafunika uso kwa mikono peke yangu chumbani.

Nikarudi Busisi bila mshenga. Mzee alikuwa barazani anafunika kitabu kingine, mkasi mkononi. Nikamsalimu, akaitikia bila kuinua kichwa.

"Upo ukurasa wa ngapi?"

"Mia moja sabini na sita, mzee."

"Halafu?"

"Halafu sijui. Nimebaki na yule binti pale mlangoni."

Akasogea, akanipa nafasi kwenye benchi. "Na mimi niko hapo hapo."

Tulibishana mpaka chakula kikaja. Yeye anasema binti hafungui mlango. Mimi nasema anafungua. Neema akatuambia tunawe mikono, tusigombanie mtu asiyekuwepo.

Jibu la barua lilikuja wiki iliyofuata. Wamekubali. Orodha ya mahari ni ya kawaida, ila chini kabisa, baada ya ng'ombe na blanketi la bibi, kuna mstari umeongezwa kwa kalamu ya bluu: "Nakala moja ya kitabu kile, nzima."

Nilidhani ni utani. Si utani. Baba mdogo alijaribu kuombea ubadilishwe kwa ng'ombe wa ziada, mzee akakataa.

Ng'ombe wapo, wameshatengwa. Blanketi ninalo. Kitabu sina, na bila hicho siozeshwi. Nimezunguka meza zote za vitabu vya mitumba Nyamagana, nimepata vya kupika keki na vya kuwa tajiri.

Nilichojifunza ni kidogo tu. Ningeandika kwenye ule uzi "nipo ukurasa wa nne," hakuna ambaye angenicheka zaidi ya ninavyochekwa sasa.

Kwa hiyo wakuu, mwenye maboksi ya vitabu vya zamani nyumbani kwao aje PM nimtajie jina. Akisema anacho, aniandikie neno la mwisho la ukurasa wa 176. Tunaolijua ni mimi na mzee, kwa hiyo msijisumbue kubahatisha.

Wengine semeni mnasoma nini, na mpo ukurasa wa ngapi.

Na wewe Chaki Nyeupe, shikamoo baba. Ile komenti nimeshaifuta.

NYONGEZA: Amejibu hapo chini, nainakili kama ilivyo: "Marahaba. Nilishaipiga picha."